Bunduki ya Kujikinga na Dubu: Kwa Nini Ukubwa wa Risasi Huja Mwisho

Ifikapo Juni, theluji inapoyeyuka katika milima ya Montana na Alaska na njia za matembezi kufunguliwa, swali moja hurudi katika mazungumzo ya Waswahili wanaoishi Amerika ya Kaskazini, hasa wale walioanza kupenda milima baada ya kuhamia huko: mtu anayeingia pori la dubu abebe bunduki gani? Majibu huja kwa kishindo, na hugongana. Mmoja husema bastola yoyote inatosha kwa kuwa mnyama hukimbia mlio. Wa pili hucheka na kusema risasi ya bastola itamkasirisha tu. Wa tatu hutaja namba zinazosikika kama namba za magari, .44, .357, .30-06, .375, kana kwamba kila msikilizaji alizaliwa akizijua. Wa nne huuliza bunduki za nini, nunua kopo la pilipili ya kumpulizia dubu. Muulizaji huondoka na mkanganyiko mkubwa kuliko aliokuja nao.

Mkanganyiko huo una asili yake. Kwetu hakuna dubu. Jina lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na mnyama tunamjua kwa picha tu. Yule anayeitwa dubu wa Nandi, aliyewasumbua walowezi wa Kenya enzi za ukoloni, amebaki kuwa hadithi, na dubu wa kweli wa mwisho wa bara hili, aliyeishi katika milima ya Atlas huko kaskazini, alitoweka katika karne ya 19. Kwa hiyo tunapomfikiria dubu tunamkopesha tabia za wanyama tunaowajua, yaani simba, chui au nyati, kisha tunamchagulia silaha kwa tabia hizo za kuazima. Nitajaribu kulipanga swali upya kuanzia mwanzo, maana namba ya risasi, ambayo ndiyo inayobishaniwa zaidi, ina uzito mdogo kuliko mambo matatu yanayoitangulia: muda, mkono na sheria.

Dubu yupi, na bunduki ipi

Kaskazini mwa dunia kuna dubu wa aina tatu wanaomhusu mtembezi. Dubu mweusi ndiye anayeonekana zaidi Marekani na Kanada. Kwa kawaida huwa na kilo 60 hadi 140, na licha ya jina lake anaweza kuwa na rangi ya kahawia au hata ya mdalasini. Dubu wa kahawia, ambaye yule wa bara huitwa grizli, ni mkubwa zaidi: dume wa hifadhi ya taifa ya Yellowstone, Marekani, anaweza kufikisha kilo 300 hivi, na wale wa pwani ya Alaska wanaonenepeshwa na samaki aina ya samoni huzidi kilo 450. Tofauti ya uhakika haipo kwenye rangi. Grizli ana nundu ya misuli mabegani, uso uliobonyea katikati na makucha marefu. Dubu mweusi hana nundu hiyo. Wa tatu ni dubu mweupe wa barafu, anayeishi pembezoni mwa Bahari ya Aktiki, ambaye anaweza kumfuatia mtu kama windo. Dubu wa kahawia kwa kawaida hushambulia kwa kujihami, kwa sababu ameshtushwa, ana watoto au ana mzoga anaoulinda.

Sasa silaha. Neno bunduki katika Kiswahili cha kila siku ni jina la ukoo mzima, na ndani ya ukoo huo kuna ndugu wasiofanana. Bastola ni silaha fupi inayoshikika mkononi. Ipo bastola ya silinda, au rivolva, ambayo risasi zake tano au sita hukaa katika kibweta cha mviringo kinachozunguka. Na ipo bastola ya magazini, ambayo risasi zake, kumi au zaidi, hupangwa ndani ya mpini na kujipandisha zenyewe baada ya kila mlio. Raifo ni bunduki ndefu ambayo ndani ya mtutu wake mmechorwa mifuo ya msokoto, na mifuo hiyo huizungusha risasi kama pia ya watoto ili isiyumbe njiani. Bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotigani, ina mtutu mpana ulio laini kwa ndani. Kwa ndege hupakiwa marisau madogo yanayotawanyika, lakini mtu wa pori la dubu huipakia donge moja zito la risasi. Marisau ya ndege, hata yakipigwa karibu, hayapiti manyoya, ngozi na mafuta ya dubu kwa kina kinachotosha kumzuia.

Zile namba nazo hazina uchawi. Namba ya .44 au .375 ni upana wa risasi kwa kipimo cha inchi, kwa kukadiria, hivyo .375 ni takriban milimita 9.5. Katika .30-06, ile 30 ni upana na ile 06 ni mwaka 1906, risasi hiyo ilipopokelewa na jeshi la Marekani. Namba 12 ya shotigani ina hesabu ya kizamani zaidi: chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe katika goroli 12 zilizo sawa, na goroli moja ndiyo itakayoenea katika mtutu huo, kama milimita 18.5. Ndiyo maana shotigani ya namba 20, ambayo namba yake ni kubwa, ina mtutu mwembamba kuliko wa namba 12.

Jambo la kupimwa kwanza

Dubu wa kahawia anaweza kukimbia kwa kasi ya kilomita 56 kwa saa. Usain Bolt alipoweka rekodi yake ya sekunde 9.58 huko Berlin mwaka 2009, kasi yake ya juu kabisa haikufika kilomita 45 kwa saa, naye alikuwa kwenye uwanja wa tambarare, amevaa viatu vya misumari na akiusubiri mlio wa kuanzia. Dubu hupita kwenye vichaka, juu ya mawe na magogo, akipanda au akishuka. Anayesema kwamba dubu hawezi kukimbia akishuka mteremko anarudia uzushi wa siku nyingi.

Tuifanye hesabu kwa mita. Kilomita 56 kwa saa ni zaidi ya mita 15 kwa sekunde. Mashambulizi mengi ya dubu wa kahawia huanza kwa kushtukizana, mahali ambapo kona ya njia, kichaka au kelele za mto zimemzuia kila mmoja kumsikia mwenzake, na umbali huwa wa mita ishirini au thelathini, mara nyingine chini ya hapo. Una sekunde mbili. Ndani ya sekunde hizo unapaswa kuelewa unachokiona, kuamua, kuishika silaha, kuitoa, kuondoa kizuizi cha usalama, kulenga kitu kinachokujia kikirukaruka, na kufyatua.

Anayedhani sekunde mbili ni nyingi ajaribu nyumbani bila silaha yoyote. Vaa begi la safari lenye mikanda miwili, funga na ule mkanda wa kiunoni, vaa glavu, kisha weka simu katika mfuko wa pembeni wa begi na uvute zipu. Mwambie ndugu asimame mwisho wa ukumbi, apige kofi wakati wowote apendao na kuja mbio kuelekea kwako. Mara ya kwanza wengi huwa bado wanapapasa zipu ndugu anapowagusa bega, naye hana hata nusu ya kasi ya dubu. Ukirudia na simu ikiwa kwenye kifuko kilichofungwa mbele ya kifua, utaona tofauti. Kwa sababu hiyo hiyo watembezi wenye uzoefu wa Alaska hubeba bastola katika ala ya kifuani, juu ya mikanda ya begi, na raifo ikibebwa huwa mkononi au begani, tayari. Raifo nzuri iliyofungwa nyuma ya begi ni mzigo wa kilo nne usio na kazi.

Takwimu za Alaska zinaunga mkono hesabu hiyo. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Tom Smith na Stephen Herrero, ambao ni miongoni mwa wanaojulikana zaidi katika elimu ya dubu, walichapisha uchambuzi wa matukio 269 ya kati ya mwaka 1883 na 2009 ambamo watu walikuwa na bunduki mbele ya dubu. Bastola zilimzuia dubu kwa asilimia 84 ya matukio zilimotumika, na bunduki ndefu kwa asilimia 76. Tofauti hiyo kitakwimu haina uzito, lakini inatosha kumnyamazisha anayeapa kwamba bastola haifai kitu. Lililowashangaza wengi zaidi ni kwamba katika makabiliano ya karibu, waliofyatua bunduki zao walijeruhiwa kwa kiwango sawa na waliokuwa nazo wasizitumie. Na watafiti walipoorodhesha kwa nini bunduki zilishindwa, sababu iliyoongoza ilikuwa kukosa muda, ikifuatiwa na mtu kutoitumia kabisa bunduki aliyokuwa nayo, kisha hitilafu za silaha yenyewe kama kukwama. Wapo waliokosa shabaha, wapo waliomaliza risasi, na wapo walioshindwa kuondoa kizuizi cha usalama kwa wakati. Udogo wa risasi, ambao ndio mjadala wetu wote, haukuwa katika sababu zilizoongoza.

Mkono unaoishika

Aliyewahi kupanda Mlima Meru huko Arusha atakumbuka kwamba hakuruhusiwa kuingia peke yake. Mbele ya kundi hutangulia askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati na tembo wa misitu ya chini, na mgeni hana kazi nyingine ila kumfuata na kumsikiliza. Askari huyo amefunzwa, anaisoma njia, anajua nyati aliyeinua kichwa anakusudia nini, na mara nyingi husimamisha kundi na kulizungusha upande mwingine bila bunduki kushuka begani. Nadhani wengi wetu tunapofikiria kubeba silaha milimani tunafikiria bunduki ya yule askari, na tunamsahau askari mwenyewe. Katika mapori mengi ya Alaska na Montana hakuna askari wa kukutangulia. Wewe ndiye mgeni, na wewe ndiye askari.

Kwa hiyo swali la pili, baada ya muda, ni kama mkono wako unaijua silaha hiyo. Kila bunduki hupiga teke kwa nyuma inapolipuka, na kadiri risasi inavyokuwa na nguvu ndivyo teke linavyozidi. Rivolva ya .44 Magnum, risasi iliyotoka mwaka 1955 na ambayo imekuwa kama sare ya watembezi wa Alaska kwa miongo mingi, ina zaidi ya mara mbili ya nguvu za bastola ya kawaida ya milimita 9. Mtu asiyeizoea huipiga mara moja, mtutu ukaelekea mawinguni, mkono ukaanza kuuma, na ile risasi ya pili ikapigwa macho yakiwa yamefumba. Mtu huyohuyo akiwa na bastola ya milimita 10 yenye magazini, ambayo teke lake ni dogo kidogo na risasi zake ni nyingi zaidi, anaweza kupiga tatu zenye kulenga katika muda uleule. Ndiyo sababu bastola ya milimita 10 imepata wafuasi wengi siku hizi. Doria ya Sirius, askari wa Denmark wanaozunguka kaskazini-mashariki mwa Greenland kwa sledi za mbwa, hubeba bastola ya aina hiyo kwa ajili ya dubu wa barafu, pamoja na raifo za kizamani za .30-06 zilizobuniwa mwaka 1917, kwa sababu raifo hizo hazikwami katika baridi kali.

Hapo ndipo hadithi ya bastola ya milimita 9 inapopata maelezo yake. Mwaka 2016 kiongozi mmoja wa wageni huko Alaska alimuua dubu wa kahawia aliyekuwa akiwashambulia wageni wake, kwa bastola ya milimita 9, na habari hiyo imezunguka sana kama ushahidi kwamba risasi yoyote inatosha. Husahaulika kwamba alikuwa mtu aliyeishi na dubu kwa miongo kadhaa, kwamba alipiga mfululizo na kulenga, na kwamba risasi alizopakia zilikuwa ngumu, za kupenya, tofauti na zile za kawaida za ulinzi wa mjini.

Risasi yenyewe

Hizo risasi ngumu ni jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita bila kuuliza, nalo lina uzito kuliko upana wa mtutu. Risasi ya kujilinda mjini huwa na tundu kwenye ncha. Ikigonga mwili hufunguka kama uyoga, ikapunguza mwendo na kubaki humo humo, jambo ambalo polisi hulitaka ili isitoke upande wa pili ikampata mpita njia. Kwa dubu, sifa hiyo ndiyo kasoro. Kati ya risasi na moyo wa dubu kuna manyoya, ngozi nene, tabaka la mafuta, misuli ya bega na mfupa. Piga msumari kwenye ubao kwa nyundo, kisha jaribu kuipigilia sarafu kwa nyundo hiyohiyo: nguvu ni moja, lakini kimoja kinazama na kingine kinabaki juu. Risasi inayofunguka mapema inageuka sarafu. Mtembezi anatafuta risasi nzito, ya madini yaliyokazwa au isiyopasuka, itakayokwenda moja kwa moja hadi ndani.

Kwenda ndani peke yake hakutoshi, na hapa pana uzushi mwingine wa kuondoa. Sinema zimetufundisha kwamba aliyepigwa risasi huanguka papo hapo. Mnyama aliyepigwa moyoni bado ana damu ubongoni ya kumtosha sekunde kadhaa, na tumekwisha kuona kwamba sekunde mbili ndizo zote anazozihitaji. Kinachomwangusha mara moja ni risasi iliyofika kwenye ubongo au uti wa mgongo, na fuvu la dubu limeinamia nyuma, hivyo anayelenga paji la uso la juu anaweza kuona risasi ikikwaruza na kupita. Dubu anayekuja ameshusha kichwa. Wanaofundisha jambo hili husema lenga puani au chini yake, katikati, ili risasi iliyokosa ubongo ikute shingo na kifua. Kulisoma hilo ni rahisi. Kulifanya ukiwa unatetemeka ndiko kunakohitaji mazoezi.

Mwaka 1983 Idara ya Misitu ya Marekani ilichapisha majaribio ya risasi kwa umbali mfupi, yaliyofanywa kwa ajili ya wafanyakazi wake wa Alaska. Raifo nzito za .458 Winchester Magnum na .375 H&H zilikuwa juu kwenye orodha. Majina hayo si mageni kwa yeyote aliyekaa na wawindaji wa Tanzania: .375 ilitolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912, na hadi leo ndiyo risasi ya kuanzia kwa nyati na tembo. Kwa hiyo mwindaji wa Rungwa aliyehamia Anchorage akisema kwamba silaha ya nyati inamfaa dubu, yuko sahihi kwa upande wa nguvu. Ila mwindaji wa nyati hutoka kumtafuta nyati, bunduki iko mkononi na macho yapo kazini. Mtembezi anapiga picha za maua.

Basi nikilazimishwa kutaja, nitasema hivi. Mtu aliyezoea kupiga shabaha, anayetembea Montana au Alaska akiwa na begi mgongoni, atahudumiwa vizuri na bastola ya milimita 10 au rivolva ya .44 kifuani, yenye risasi ngumu. Anayekaa kambi moja kwa siku nyingi kando ya mto wa samoni, ambapo uzito si tatizo, atafaidika na shotigani namba 12 yenye madonge au raifo ya .30-06 kwenda juu. Kwa dubu mweusi pekee, ambaye kelele na mawe humfukuza mara nyingi, suala zima la bunduki linapungua sana. Na asiyezoea kupiga shabaha asinunue yoyote kwa ajili ya safari ya wiki ijayo.

Svalbard ni habari nyingine. Katika visiwa hivyo vya Norwei anayetoka nje ya makazi ya watu ni lazima awe na vifaa vya kumtisha na kumfukuza dubu wa barafu, na Gavana wa visiwa hupendekeza bunduki, raifo isiyo chini ya .308 au .30-06. Mgeni anaweza kukodi bunduki katika mji wa Longyearbyen akiwa na kibali. Hata huko bunduki haijawahi kuwa hirizi. Agosti 2011 dubu alivamia kambi ya vijana kutoka Uingereza; nyaya za tahadhari zilizozungushiwa kambi hazikulia, na raifo ya kiongozi wao ilikataa kulipuka mara kadhaa, risasi zikidondoka chini moja baada ya nyingine, kabla ya hatimaye kufyatuka na kumuua mnyama. Kijana mmoja wa miaka 17 alikuwa amekwisha kufa. Raifo ilikuwapo, na ya aina inayofaa.

Kopo la pilipili

Dawa ya kupulizia ya kumfukuza dubu ni kopo lenye mgandamizo, lililojaa kiini cha pilipili kali, ambalo likibonyezwa hutoa wingu la rangi ya machungwa hadi umbali wa mita saba au nane na zaidi. Halihitaji shabaha ya tundu la sindano. Unaliweka wingu kati yako na dubu, naye anaingia humo mwenyewe kwa macho na pua. Mwaka 2008 kundi la watafiti lilelile la Smith na Herrero lilichapisha matukio 83 ya Alaska ya kati ya 1985 na 2006, na dawa ilikuwa imekomesha tabia isiyotakiwa ya dubu wa kahawia kwa asilimia 92. Yellowstone huwashauri wageni wote kuibeba.

Watu huchukua asilimia hiyo 92 wakaiweka kando ya ile 84 ya bastola na kutangaza mshindi. Si haki kufanya hivyo. Katika matukio ya pilipili walikuwamo dubu wengi wadadisi, waliosogea kunusa tu, wakati kumbukumbu za bunduki zilielemea zaidi kwenye mashambulizi makali. Mizani mbili hazikupima mchele wa aina moja. Ninaloweza kulitetea ni jambo dogo zaidi: mtu asiye na mafunzo, akiwa na sekunde mbili, ana uwezekano mkubwa wa kufanya jambo la maana kwa kopo kuliko kwa bastola, na akikosea hajampiga risasi mwenzake. Kopo nalo lina maudhi yake. Upepo unaweza kukurudishia pilipili usoni, haliruhusiwi ndani ya ndege hata kwenye mizigo ya chini, na hifadhi ya Yosemite, ambayo ina dubu weusi tu, imelipiga marufuku. Wapo pia wanaolipulizia kwenye hema na nguo kama dawa ya mbu. Pilipili hufanya kazi ikiwa hewani na machoni. Ikikauka juu ya kitambaa, harufu yake humvuta dubu aje kuonja.

Wengi hubeba vyote viwili, kopo likiwa la kwanza kutolewa, na sioni ubaya. Ila hakuna kati ya hivyo kinachochukua nafasi ya kuongea kwa sauti njiani, kutembea watatu au zaidi, na kufungia chakula katika makopo yasiyofunguka kwa dubu. Tangu Yellowstone ianzishwe mwaka 1872 watu waliouawa na dubu ndani ya hifadhi hiyo wanahesabika kwa vidole vya mikono miwili. Waliokufa maji ni wengi zaidi kwa mbali.

Sheria, kabla na baada

Kwa msomaji wa Kiswahili aliyeko Marekani hili huenda ndilo la kusoma kwanza. Sheria ya shirikisho humkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, akiwamo mwanafunzi na mtalii, kumiliki au hata kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa mambo machache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye ukaazi wa kudumu hahusiki na katazo hilo. Rafiki raia anayekuazima bastola yake "ya njiani tu" anaweza kukuponza kuliko dubu, kwa sababu kosa hilo ni la jinai na lina uzito mkubwa katika mambo ya uhamiaji. Tangu Februari 2010 mtu anayeruhusiwa na sheria ya jimbo anaweza kuwa na bunduki ndani ya hifadhi za taifa za Marekani, lakini kuifyatua humo kwa kawaida bado ni marufuku. Katika hifadhi za taifa za Kanada mtembezi wa kawaida haruhusiwi kuwa nayo, na anayepanga kwenda Alaska kwa gari kupitia Kanada aiache bastola nyumbani.

Kisha kuna baada ya mlio. Grizli wa majimbo ya Marekani yaliyo kusini mwa Kanada analindwa na sheria ya viumbe walio hatarini tangu mwaka 1975; aliyemuua atafanyiwa uchunguzi, na kujitetea kutapimwa kwa nyayo, maganda ya risasi na umbali. Dubu wengi hukimbia kuelekea mtu kisha wakakata kona mita chache kabla ya kumfikia, jambo ambalo ni kitisho tu, na aliyempiga dubu kwa umbali mkubwa atakuwa na kazi ya kueleza. Huko Alaska sheria inaruhusu kumuua dubu kwa kulinda uhai, iwapo hukumchokoza wala hukumvutia kwa chakula ulichoacha wazi. Lakini aliyefyatua ndiye anayepaswa kuchukua kisu, hapo hapo porini, amchune mnyama yule, atoe ngozi ikiwa na makucha yake pamoja na fuvu, avibebe hadi kwa maofisa wa wanyamapori, na ajaze fomu ya maelezo ndani ya siku 15. Ngozi hiyo si yake. Ni mali ya jimbo.